Jua Linapozama, Gari Tulilaze Wapi?



Mama mwenye nyumba hajiulizi kila jioni atalala wapi. Hufunga mlango, huweka komeo, huhesabu watoto, husali, basi. Sisi hatukuwa na mlango wa namna hiyo kwa siku tatu au nne za kila juma. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2019 nyumba yetu ya njiani ilikuwa Hiace ya zamani iliyotolewa viti vya nyuma. Tulikuwa mume, mke na kitinda mimba wetu. Wakubwa wawili walibaki kwa bibi yao Kashozi kwa ajili ya shule. Tuliuza vitenge, mashuka na vyombo vya plastiki kwenye magulio ya Bukoba Vijijini na Muleba, na wakati wa kurudi tulipakia ndizi, maharage, au dagaa wa Kemondo.

Wapo watakaouliza: kwa nini msirudi nyumbani kila jioni? Kutoka mjini Bukoba hadi Muleba ni kilomita 70 hivi, na ukipanda Kamachumu kisha ukazunguka Nshamba na Rubya, mafuta ya kurudi kila usiku yanakula faida yote ya vitenge. Kwa nini msilale gesti? Tukilala gesti, mzigo unalala peke yake. Na kwa nini baba asiende mwenyewe, mama abaki na watoto?

Hilo la mwisho tulilizungumza nyumbani kwa muda mrefu. Sisi ni watu wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983, na hakuna ukoo tunaoujua ambao haukuzika. Tulikua tukisikia wazee wakitaja vituo vya malori kwa kushusha sauti, maana ndiko walikokuwa wakilala waume wa watu. Hatukusema kwamba baba haaminiki. Tulisema tu kwamba mwanamume anayelala peke yake barabarani miaka minane amewekewa mzigo ambao si lazima aubebe. Kwa hiyo tulikwenda pamoja, na mtoto mgongoni.

USIKU WA MULEBA

Mwaka wa kwanza tulilala popote. Tuliona mahali penye taa, tukasimama. Taa tulidhani ni ulinzi.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua imekazana kama inavyokazana kwetu. Tulipata pancha mbele ya Muhutwe, na kubadilisha tairi kwenye tope kukatumalizia jioni. Tulifika Muleba saa tatu usiku. Mahali tulipozoea kulaza gari palikuwa pamefungwa, tukagonga, hatukujibiwa. Tukaegesha kando ya barabara mbele ya duka lenye taa kubwa ya nje. Baba kiti cha mbele, mama na mtoto nyuma juu ya mashuka ya biashara.

Saa nane usiku tulisikia kitu kama mtu anayekunywa uji kwa mrija. Walikuwa wananyonya dizeli. Kabla hatujaelewa vizuri, mkono ukashika kitasa cha mlango wa ubavuni, ule wa kusukuma, ukaujaribu taratibu kama mtu anayepima kama ugali umeiva. Mama alikuwa upande wa ndani wa mlango huo, na mtoto kifuani. Kati yake na mkono ule palikuwa na bati tu.

Baba alibonyeza honi. Akaibonyeza tena, akaishikilia. Mtoto akalia. Honi ililia Muleba nzima, na hakuna mlango hata mmoja uliofunguliwa. Waliokuwa nje hawakukimbia mara moja. Kwanza walikata kamba juu ya kerea wakashusha robota mbili za vitenge, ndipo wakaondoka na kutuachia mpira wao na dumu lililojaa nusu.

Asubuhi mwenye duka alifungua, akatukuta tunafunga kamba zilizobaki. Alikuwa mzee mpole. Tulimsalimu, akauliza kulikoni, tukamweleza. Akashika kichwa. Alisema honi aliisikia tangu ya kwanza, ila alidhani ni walevi wanaogombana, au ni wezi wenyewe wanataka mtu atoke. "Wanangu, kama ningejua ni ninyi, ningetoka na panga."

Kama ningejua ni ninyi. Tulirudi Bukoba tukiwa na maneno hayo tu, na hasara. Taa yake ilikuwa imewaka usiku kucha. Haikutusaidia sisi, iliwasaidia wezi kuona robota ziko wapi. Tulichokosa ni mtu mmoja katika mji ule mwenye kujua kwamba ndani ya gari lile yumo mama na mtoto.

KISA CHA GIBEA

Kitabu cha Waamuzi sura ya 19 hakisomwi mara nyingi katika vipindi vya akina mama, na tunaelewa sababu, kwa kuwa mwisho wake unatisha. Lakini mwanzo wake ni habari ya watu waliochelewa barabarani. Mlawi yuko safarini na suria wake na mtumishi wake, jua linakuchwa. Mtumishi anashauri walale Yebusi. Bwana wake anakataa kwa kuwa mji ule ni wa wageni, anataka wafike kwa ndugu zao wa Benyamini. Wanafika Gibea usiku umeingia, wanakaa katika uwanja wa mji, na hakuna anayewakaribisha isipokuwa mzee mmoja ambaye naye si mwenyeji wa hapo. Mzee anawasihi wasilale uwanjani. Yaliyofuata yalimwangukia mwanamke.

Hatutaki kulifanya andiko hili kuwa somo la kuegesha magari. Lakini aliyelala ndani ya Hiace mbele ya duka la watu analisoma kwa namna yake. Mlawi alidhani kwamba akifika kwa Waisraeli wenzake atakuwa salama bila kumwambia mtu. Hata sisi tulikuwa tukijidanganya hivyo hivyo: hapa ni kwetu, ni Wahaya wenzetu, ni Wakristo wenzetu, nani atatugusa?

KUOMBA MAHALI KABLA YA GIZA

Baada ya usiku ule tuliweka sheria moja, kwamba saa kumi na moja jioni biashara inafungwa hata kama wateja bado wapo. Kwetu Bukoba jua huzama karibu na saa moja usiku, mwaka mzima, na mgeni wa Dar es Salaam hudhani ameongezewa muda. Hajaongezewa. Likishazama, giza linaanguka mara moja, na mtu anayebisha hodi gizani huwa ni mtu mwingine kabisa kuliko yule aliyebisha kungali na mwanga.

Kazi ya kuomba mahali tuliikabidhi kwa mama. Si kwa sababu baba ni mwoga. Mwanamume akishuka kwenye gari na kuuliza "naweza kulala hapa?" mwenye nyumba anatazama kwanza mikono yake. Mama akishuka na mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo kama desturi yetu, akasema "Shikamoo, Ta," kisha akataja ametoka wapi, ukoo wake ni upi na anasali wapi, mazungumzo yanakuwa mengine. Mara nyingi tuliishia kuambiwa kwamba shangazi wa fulani ameolewa kwa fulani. Na mara nyingi kabla hatujamaliza, zililetwa kahawa za kutafuna katika jani la mgomba. Ukishatafuna kahawa ya mtu umekuwa mgeni wake, na gari lako ni mali iliyoko mikononi mwake.

Baada ya hapo, hata kama mwenyeji amekubali, tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa kumwambia tupo. Gesti wana daftari la kuandika wageni. Mwenye kulala garini hana daftari, kwa hiyo inabidi ajiandikishe kwa mdomo. Mwenyekiti akijua, vijana wa doria nao wanajua, na saa nane wakipita hawawamuliki tochi kama majambazi. Namba zao tulizihifadhi kwenye simu, pamoja na 112 ya polisi.

Kuna jambo ambalo waume zetu hawalifikirii, hata walio wema. Mwanamume anapochagua mahali pa kulaza gari hutazama uzio na mlinzi. Mwanamke hutazama choo. Kiko umbali gani? Njia yake ina mwanga? Kinafungwa na nani saa ngapi? Mama mjamzito, mama aliye mwezini, mama mwenye mtoto anayeharisha, hawezi kukaa ndani ya gari hadi alfajiri. Tumekataa viwanja vizuri vyenye kuta ndefu kwa sababu choo kilikuwa nyuma ya baa. Na tumelala kwa amani uani kwa mjane mmoja wa Nshamba, pasipo na uzio wowote ila migomba, kwa kuwa choo chake kilikuwa hatua kumi na mbwa wake alikuwa mkali.

MAHALI KWA MAHALI

Kituo cha mafuta ndicho watu wengi hukifikiria kwanza. Si pabaya, mradi kinafanya kazi usiku kucha na uzungumze na msimamizi, si mpiga pampu peke yake, kwa sababu zamu hubadilika saa nne na anayekuja hakujui. Tuegeshe upande wa ofisini, mbali na matangi na mbali na malori yanayoingia usiku. Stendi ina watu wengi, na hilo ndilo tatizo lake. Ua wa kituo cha polisi tuliutumia mara mbili tulipokosa pengine. Hatukusumbuliwa, ila hatukulala kwa makelele.

Gesti yenye ua na geti ni nzuri kwa wenye kuweza. Ziko nyumba zinazokubali gari liingie ndani kwa malipo madogo na familia ilale garini, ikitumia bafu. Muulize mwenyewe, si mhudumu. Na angalieni ni gesti ya namna gani. Mama mwenye binti wa miaka kumi na mitatu hapaswi kulala katika ua ambao milango inagongwa saa saba.

Hospitali nazo zina walinzi na taa na maji, lakini uwanja wake ni wa wagonjwa na magari ya wagonjwa. Tulilala huko tu tulipokuwa tunauguza.

Sasa kuhusu makanisa. Tuseme wazi, kwa upendo. Misheni za mkoa wetu, za Kikatoliki na za Kilutheri, zina viwanja vipana, kisima, choo na mlinzi. Katika baadhi yake tulipokelewa kama watoto wa nyumbani. Mlinzi aliambiwa, geti likafungwa, asubuhi tukasali pamoja nao. Lakini iko siku tulifika mahali pamoja, mvua inanyesha, tukaambiwa kwamba kulaza gari kunahitaji barua ya kiongozi wetu. Barua tutaipata wapi saa kumi na mbili na nusu? Tunaelewa kwamba wapo waliodanganya na kuiba. Hata hivyo akina mama wa kanisa lile wangeweza kukubaliana na wazee wao mambo madogo: nani aulizwe, geti lifungwe saa ngapi, mgeni aandike jina na namba ya gari wapi. Daftari moja linatosha.

Mjini Bukoba ni vigumu kuliko vijijini. Muleba kila mtu anakuuliza u nani, na Rwamishenye au Hamugembe kila mtu anadhani wewe ni mgeni wa jirani. Ndiyo sababu mjini tulishikamana na mahali pamoja tu, ua wa fundi wa magari tuliyemlipa kidogo kila juma. Mabonde karibu na Mto Kanoni tuliyaepuka majira ya mvua, kwa kuwa mto ule hujaa na kuingia katika makazi ya watu. Vilevile chini ya mikaratusi mikubwa hatukuegesha, maana upepo wa ziwani huiangusha.

NJIA ZA ZAMANI

Vijana hudhani shida ya kulala njiani imeanza juzi. Zamani mtu wa Bukoba aliyekwenda Mwanza alilala melini, akapanda jioni akashuka asubuhi, na mama alitandika kanga kwenye sakafu ya daraja la tatu akalaza watoto. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu, waliopandia Bukoba na Kemondo. Baada ya hapo wengi waliapa kutopanda tena meli, wakahamia barabarani, na barabara zenyewe zilikuwa mbovu kiasi kwamba mabasi ya Dar es Salaam yalizunguka Kampala na Nairobi.

Njia ya ndani nayo ilikuwa na misitu ya Biharamulo, na Kasindaga ukitokea Muleba, ambako mabasi yalitekwa. Magari yalikusanywa, yakaenda kwa msafara na askari wenye bunduki. Kisha kulikuwa na marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyodumu tangu miaka ya 1990 hadi ilipoondolewa mwaka 2023. Safari ya Dar es Salaam ni kilomita 1,400 hivi, kwa hiyo basi lililazimika kusimama mahali usiku, na abiria wakalala kwenye viti, akina mama wakikumbatia watoto na pochi. Waliojua walishuka kwanza kumsalimu mama ntilie wa pale na kumwomba awaonyeshe choo.

MTOTO NDANI YA GARI

Haya tuliyajifunza mengine kwa kuumia. Muleba ina malaria kali. Gari lililofungwa vioo vyote ni joto na hewa nzito, na lililofunguliwa ni karamu ya mbu. Tulishona vipande vya chandarua kwenye madirisha mawili, na ndani tukafunga chandarua kamili kwa ajili ya mtoto. Mkipata kuchagua, chagueni vile vyenye PBO: utafiti uliofanyika Muleba kwetu na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vinakinga watoto kuliko vya kawaida, kwa kuwa mbu wa huku walikuwa wamezoea ile dawa ya zamani.

Msiwashe injini mkalala ili mpate joto. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyeivuta usingizini haamki. Ni hivyo hivyo kwa jiko la mkaa. Usiku wa mvua Kamachumu ni baridi kweli, na kishawishi cha kuingiza jiko ndani "dakika tano tu" ni kikubwa. Vaeni soksi. Ongezeni blanketi.

Gari liegeshwe likielekea njia ya kutokea, ufunguo mahali ambapo mama naye anaujua. Na mama ajifunze kuendesha, hata kwa kiasi cha kuliondoa gari mita mia mbili tu. Baba alipougua homa Rubya mwaka 2014, mama ndiye aliyelisogeza gari hadi kwa wenyeji, gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho, watu wakicheka. Walicheka, lakini walifungua geti.

SIKU MTAA WOTE ULIPOLALA NJE

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ya Bukoba ilitetemeka. Watu walikufa, na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Usiku ule hakuna aliyetaka kuwa chini ya paa. Majirani wale wale waliokuwa wakituuliza kwa huruma "mnawezaje kulala garini kama kuku?" walikuja mmoja mmoja na mikeka yao. Tulitoa vitenge vyote, tukatandika ndani ya Hiace, tukalaza watoto kumi na mmoja, vichwa upande mmoja na miguu upande mwingine. Akina mama tulikaa nje tumeegemea magurudumu. Kila ardhi ilipotikisika tena kidogo, mmoja alianzisha wimbo.

Gari tuliliuza mwaka 2019, kitinda mimba alipoanza darasa la kwanza. Sasa tuna kibanda cha vitenge, na kibanja chetu kiko karibu na barabara kubwa.

Juzi, saa kumi na mbili jioni, pikapu iliyosheheni ndizi ilisimama mbele ya mgomba wa mwisho. Dereva alibaki kwenye usukani. Mke wake alishuka kwanza, mtoto mgongoni, akasalimu. Kabla hajataja ametoka wapi, tulimwonyesha choo kilipo.